Laptopu inayokesha msidhani imelala

NDUGU msomaji, wiki hii naomba tuziache kidogo habari za ushuru, za mafuta na za bei ya dola, tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tunakibeba mgongoni kila siku bila kukijua sawasawa. Nazungumzia laptopu, na hasa kile kitendo cha kufunga kifuniko chake, ukaitia begini na kukimbilia basi ukiamini kwamba umeizima. Hujaizima. Mimi nilikuja kulijua hilo kwa hasara, na hasara yenyewe haikuwa yangu peke yangu, ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

Mwaka 2023 nilikuwa naandika hesabu za kina mama kumi na wanne wanaofanya biashara kati ya Kabanga, upande wa Tanzania, na Kobero, upande wetu wa Burundi. Wao huchukua mchele, unga na sabuni kwa mkopo kutoka kwa wenye maduka ng'ambo, huja kuuza Muyinga na wengine hufika hadi Bujumbura, kisha hurudisha fedha kidogo kidogo. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amechukua nini, kwa shilingi ngapi za Tanzania, kwa bei gani ya kubadilisha fedha siku hiyo, na amerudisha kiasi gani. Hiyo bei ya siku ndiyo roho ya hesabu yote. Anayepita mpaka ule anajua kwamba faranga ya asubuhi si faranga ya jioni. Deni lisiloandikwa pamoja na bei ya siku yake ni deni la kugombaniwa.

Jioni moja nikiwa Muyinga, kina mama hao walikuja mmoja mmoja, wakakaa, wakanitajia kwa mdomo hesabu zao za wiki mbili. Niliandika karibu saa tatu nzima. Katikati umeme ukakatika, kama kawaida, nikaendelea kwa betri. Nilipochoka nilifunga kifuniko nikalala. Alfajiri, saa kumi na moja, nilitia mashine begini nikaenda kutafuta basi la Bujumbura. Basi likapata mafuta mchana. Tulifika mjini saa mbili usiku.

Nilipofungua kifuniko, kioo kilikuwa cheusi. Nikachomeka chaja, nikabonyeza kitufe, nayo ikaanza upya kabisa, kwa ile nembo ya kampuni iliyoitengeneza, kama mtu aliyezimia anayeamka bila kujua alipo. Programu ya hesabu ilipofunguka ilinionyesha pembeni orodha ya mafaili iliyoyaokoa, yote kwa Kifaransa, mawili yakiwa na majina yanayofanana. Mimi na uchovu wangu nikachagua moja, halafu nikajibu "hapana" kwenye swali ambalo sikulisoma vizuri. Hapo ndipo nilipozitupa zile saa tatu kwa mkono wangu mwenyewe. Lililobaki lilikuwa faili la siku mbili nyuma.

Nalisema hilo la mkono wangu mwenyewe ili mtu asije akaniambia namsingizia fundi au mashine. Kosa la mwisho lilikuwa langu. Lakini nisingefikia mahali pa kujibu swali lile la Kifaransa kama mashine isingekata roho begini, na isingekata roho kama mtu fulani asingekuwa ameiondolea kinga yake bila kuniambia. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuieleza leo.

Kwanza, majina. Mimi ni mmoja wa wale waliozaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972, tukarudi mwaka 2008. Tulisoma shule za Tanzania, Kiswahili katika msingi na Kiingereza katika sekondari. Tuliporudi tulikuta ofisi, hospitali na fomu zote zinasema Kifaransa, na wenzangu mliorudi miaka ile mnajua tulivyoonekana wajinga mbele ya madirisha ya ofisi kwa sababu ya lugha tu. Basi na laptopu nayo ilikuwa hivyo hivyo. Niliinunua Bujumbura, ya mtumba, iliyotoka ofisi moja ya Ubelgiji. Herufi A ilikuwa mahali pa Q, na menyu yote ilikuwa ya Kifaransa. Shuleni nilifundishwa kwamba kuna "Sleep" na kuna "Hibernate". Kwenye mashine hii nikakuta neno moja tu, "Veille", nikasema moyoni, hiyo ndiyo Sleep, yaani kulala, imekwisha.

Baadaye nilikuja kuambiwa na mwalimu mmoja wa Kifaransa, mzee wangu wa hapa mtaani, kwamba "veille" si kulala hata kidogo. Maana yake ni kukesha. Ni neno lile lile wanalotumia kwa mkesha wa Krismasi, na hapo Kifaransa na Kiswahili vimekutana bila kuitana. Kwa hiyo kitu kimoja, kitufe kimoja, Mwingereza anakiita kulala na Mfaransa anakiita kukesha. Nilicheka. Lakini nilipoelewa jinsi kinavyofanya kazi niliona kwamba Mfaransa ndiye mkweli.

Tuangalie kinachotokea ndani. Kompyuta ina sehemu mbili za kuwekea mambo. Moja ni kumbukumbu ya muda, ambamo kazi unayoifanya sasa hivi imetandazwa. Nyingine ni diski, ambamo vitu vinakaa hata umeme ukizimwa mwaka mzima. Ile ya kwanza ni kama mkeka wa mama sokoni: nyanya hapa, vitunguu pale, mizani katikati, kila kitu kiko tayari kuuzwa. Diski ni ghala. Ila mkeka huu una ajabu yake, kwamba unakaa mahali pake kwa sababu taa inawaka. Taa ikizimika, kila kilichokuwa juu yake kinatoweka papo hapo.

Ukichagua kulala, kompyuta inazima kioo, diski, feni na karibu kila kitu, lakini mkeka inauacha umetandazwa vile vile, na inaweka mlinzi mwenye taa aulinde usiku kucha. Mafuta ya taa hiyo ni betri yako. Faida yake ni kwamba ukirudi, sekunde mbili tatu tu unaendelea na kazi, kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Hasara yake ni kwamba mlinzi anakula mafuta saa zote, hata kama wewe unakoroma, na mafuta yakiisha kabla hujarudi, hukuti nyanya wala vitunguu.

Ile nyingine, ambayo Wafaransa wanaiita "Veille prolongée", inafanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Kompyuta inachukua kila kilicho kwenye mkeka, inakiingiza ghalani pamoja na maandishi ya mahali kila kimoja kilipokuwa, inafunga mlango na kuzima taa. Haili tena betri. Unaweza kuitoa betri yenyewe, ukasafiri siku tatu, ukairudisha, ukabonyeza kitufe, na itatandaza mkeka upya jinsi ulivyouacha, na ile herufi uliyoishia kuandika ikiwa pale pale. Inachukua muda zaidi kuamka: kwenye mashine zenye diski za kisasa ni nusu dakika hivi, kwenye zile za diski ya kuzunguka inaweza kupita dakika nzima. Waingereza wameiita kwa jina la wanyama wanaolala majira yote ya baridi. Sisi hatuna baridi hiyo, lakini waliokaa karibu na Ziwa Victoria wanamjua kamongo, yule samaki anayejichimbia kwenye tope kiangazi kinapokuja, akajifunika kwa utelezi wake unaokauka na kuwa kama gamba, akakaa humo miezi mingi mpaka maji yarudi. Mimi huwa naiita kamongo. Tena kompyuta inamshinda kamongo, maana yeye kule topeni bado anaula mwili wake kidogo kidogo, nayo haili kitu.

Mambo haya si mageni. Makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba yaliandika kanuni za namna kompyuta inavyopaswa kulala tangu Desemba 1996, na humo hatua hizi mbili zina namba zake: kulala ni ya tatu, kamongo ni ya nne. Waliotumia Windows XP ya mwaka 2001 walikuwa nazo zote mbili. Ilipokuja Windows Vista mwaka 2007 wakaongeza hata njia ya tatu ya kuchanganya, ambapo mashine inakesha lakini nakala ya mkeka imeshawekwa ghalani kwa tahadhari. Apple nao kwenye laptopu zao wanafanya jambo linalofanana na hilo tangu mwaka 2005. Halafu mwaka 2012, kwenye Windows 8, ule mstari wa kamongo ukaondolewa kwenye menyu ya kuzimia. Haukufutwa, ulifichwa tu, mpaka mtu aende mwenyewe kwenye mipangilio akautie alama ndipo uonekane. Mpaka Windows 11 ya leo mara nyingi unaukuta umefichwa hivyo.

Mimi sina ugomvi na mainjinia wa Marekani, ila najiuliza walikuwa wakimfikiria nani. Bila shaka walimfikiria mtu anayefunga kifuniko mezani kwake, akatembea hatua thelathini hadi chumba cha mkutano, akafungua tena, na ukutani kuna soketi. Kwa mtu huyo kulala kunatosha, tena ni kuzuri. Angekasirika kungoja nusu dakika. Hawakumfikiria mtu anayefunga kifuniko Muyinga na kukifungua Bujumbura usiku. Katika nchi yetu, kwenye kila watu kumi, ni karibu mmoja tu mwenye umeme nyumbani kwake. Maporomoko ya Rusumo sasa yanatoa megawati 80 ambazo tunagawana na Rwanda na Tanzania, na hilo ni jambo la heri, lakini hata zingekuwa megawati 800 hakuna atakayetuwekea soketi kwenye foleni ya mafuta.

Sasa turudi kwa mashine yangu. Niliipeleka Buyenzi kwa fundi kijana, akaiangalia, akatikisa kichwa. "Kaka," akaniambia, "hii walishaikata kamba ya kuokolea." Nikamwuliza kamba gani. Akanieleza hivi. Windows kwa kawaida haimwachi mlinzi akeshe hadi mafuta yaishe. Mashine ikiwa imelala muda mrefu, au betri ikikaribia kuisha, inajiamsha kidogo, inahamisha mkeka ghalani, kisha inajizima. Hiyo ndiyo kamba. Ndiyo sababu watu wengi wamelaza laptopu zao miaka na miaka bila kupata balaa, wakaamini kwamba kulala ni salama. Usalama wenyewe haukutoka kwenye kulala, ulitoka kwa kamongo aliyekuwa akisubiri nyuma.

Lakini ili kamongo apate mahali pa kuingia, kompyuta inatenga nafasi kwenye diski. Kwa Windows 10 na 11 nafasi hiyo kwa kawaida ni kama asilimia 40 ya kumbukumbu ya muda. Mashine yenye gigabaiti 8 inatenga gigabaiti 3 na kidogo. Basi fundi aliyeiandaa ile mashine kabla haijauzwa, akiona diski ni ndogo, ya gigabaiti 128, aliandika amri ya mstari mmoja inayofuta nafasi hiyo na kumwondoa kamongo kabisa. Kwa amri hiyo ule mstari wa "Veille prolongée" unapotea kwenye menyu, na ile njia ya kuchanganya inapotea pia. Mteja anaona diski ina nafasi zaidi, anafurahi. Hakuna anayemwambia kwamba kuanzia siku hiyo mlinzi wake yuko peke yake.

Nilimwomba fundi tufanye hesabu ili nijue ilikata roho saa ngapi. Betri mpya ya laptopu ya namna ile hubeba saa-wati 45 hivi. Tukachukulia kwamba ikikesha inakula wati moja. Kama ni mpya na imejaa, ingekaa saa 45, karibu siku mbili. Lakini ya kwangu, kwa ripoti ya mashine yenyewe, ilikuwa imebakiwa na theluthi moja ya nguvu zake, yaani saa-wati 15. Tena nilikuwa nimeifanyia kazi gizani, ikabaki na asilimia 40. Hiyo ni saa-wati 6. Saa sita basi. Hata tukihesabu kuanzia alfajiri, na si tangu usiku nilipofunga kifuniko, ilikuwa imekufa kabla ya saa sita mchana, na sisi tulikuwa bado kwenye foleni, mimi nimeipakata kama mtoto aliyelala.

Ndugu msomaji unayenunua mtumba, zingatia hilo la betri. Karibu mashine zote zinazotufikia kutoka maofisi ya Ulaya zina betri zilizochoka. Betri iliyochoka ina tabia nyingine mbaya: inadanganya. Inakuonyesha asilimia 30, ukigeuka ni sifuri. Kwa mashine ya hivyo hata ile kamba ya kuokolea inaweza kuchelewa, kwa sababu mashine inangoja betri ifike chini ndipo ijiokoe, na betri haifiki chini taratibu, inaporomoka. Na tangu Windows 10 ilipokoma kupewa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, sitashangaa tukiletewa shehena nyingi zaidi, kwa sababu ziko mashine nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa na wenyewe watataka kuziondoa mezani.

Walionunua mpya wasicheke. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina hata ule usingizi wa zamani wa namba tatu. Zina usingizi mpya unaozifanya zifanane na simu: zimefunika macho, lakini bado zinasikiliza mtandao na kupokea ujumbe. Mlinzi wa hizi hakai na taa tu, anazungukazunguka na kupiga soga na wapita njia. Zikiwa mezani hakuna neno. Zikiwa ndani ya begi lililobanwa chini ya magunia, mara nyingine zinaamka zenyewe na kufanya kazi humo humo bila hewa. Mkishatoa laptopu begini mkaikuta ya moto kama mkate, sasa mnajua sababu. Na joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi za lithiamu.

Kwa mtazamo wangu, basi, kila laptopu ya mtu anayeishi kwa basi na mpaka inapaswa kupangwa hivi: kifuniko kikifungwa, iwe ni kamongo, wala isiwe kukesha. Kulala tukuache kwa ajili ya kwenda kunywa chai na kurudi.

Najua majibu ya mafundi, maana nimeyasikia. Wa kwanza atasema kwamba kamongo anachosha diski za kisasa kwa kuandika kila mara. Tufanye hesabu tena. Ukifunga kifuniko mara moja kwa siku na kila mara ikaandika gigabaiti 3, kwa mwaka ni kama terabaiti moja. Diski hizi zimetengenezwa kustahimili kuandikwa makumi ya terabaiti, nyingi zaidi ya mia. Utaibadilisha laptopu mara mbili kabla kamongo hajaimaliza diski. Wa pili atasema nafasi ni ndogo. Ni kweli gigabaiti 3 kwenye diski ya 128 si kitu cha kudharau, lakini nimeona mashine za hao hao wanaolalamika, zimejaa filamu za Nigeria ambazo wameshazitazama. Wa tatu atasema inachelewa kuamka. Hilo nakubali, inachelewa. Tuliongoja mafuta tangu alfajiri hadi mchana tutashindwaje kungoja nusu dakika?

Ninachowaomba wauzaji si kikubwa. Sisemi wasifute nafasi hiyo. Mashine ni yao kabla hawajaiuza, waifanye watakavyo. Nasema wamwambie mnunuzi. Kama vile muuza pikipiki anavyokuonyesha kwamba breki ya nyuma haipo ili uamue mwenyewe, naye aseme: hii nimeiondolea kamongo, betri yake imebakiwa na theluthi, usiitie begini bila kuizima. Sentensi moja tu. Bei itashuka kidogo pengine, lakini mnunuzi huyo atarudi kwako kununua chaja, na ndugu yake atarudi kununua laptopu. Na wenye vyuo vya kompyuta, wale wanaofundisha watoto wetu kwa miezi mitatu kupaka rangi maandishi na kuchora majedwali, watenge hata nusu saa ya kufundisha maana ya kufunga kifuniko. Nimekutana na vijana wenye cheti ambao wanadhani kioo kikiwa cheusi kompyuta imezimwa.

Kwa anayetaka kuirekebisha leo, njia si ndefu. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ndani ya "Control Panel", kwa Kifaransa "Options d'alimentation". Pembeni utaona mstari unaouliza kifuniko kikifungwa kifanyike nini. Kuna safu mbili, moja ya wakati unatumia betri na nyingine ya wakati umechomeka. Zote mbili, au angalau ile ya betri, chagua "Hibernate" au "Mettre en veille prolongée". Kama neno hilo halipo kabisa, huenda yako nayo imekatwa kamba. Fungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, lifungue kama msimamizi wa mashine, andika powercfg /hibernate on, bonyeza Enter, kisha rudi kule kwenye mipangilio utazame tena. Ukiogopa, mpe fundi akufanyie mbele ya macho yako. Ni kazi ya dakika mbili, asikutoze bei ya kubadilisha kioo. Halafu kila unapofunga kifuniko, kabla ya kutia begini, ngoja taa ndogo ya pembeni izimike kabisa, hasa kama diski yako ni ya kuzunguka, maana wakati huo bado inahamisha mzigo na haipendi kutikiswa.

Na tafadhali mtu asije akanielewa vibaya akaacha kuhifadhi kazi yake. Kamongo anarudisha mkeka ulivyokuwa, hatengenezi nakala. Laptopu ikiibwa Kobero, imeibwa na kamongo wake. Mimi siku hizi kabla ya kufunga nahifadhi faili, nalinakili kwenye flashi ninayoivaa shingoni, ndipo nafunga. Na zile bei za kubadilisha fedha za kila siku naziandika pia kwenye daftari la karatasi, kwa kalamu. Kijana wangu ananicheka kwa hilo. Mwache acheke.

Mnaweza kuuliza wale kina mama walifikia wapi. Nilirudi Muyinga siku ya nne, nikawaita, nikawaeleza ukweli wote, pamoja na lile swali la Kifaransa. Wengi walikumbuka hesabu zao vizuri kuliko nilivyotegemea, na tulipozilinganisha na madaftari ya wenye maduka wa Kabanga zikakubaliana kwa kumi na wawili. Wawili hazikukubaliana. Mmoja tofauti ilikuwa ndogo, mwenye duka akaisamehe. Wa pili, mama mmoja mjane ambaye hajawahi kudaiwa hata mfuko mmoja wa sabuni ukapita mwezi, alisema deni lake ni pungufu ya lile la dukani kwa shilingi laki tatu na elfu kumi za Tanzania. Mwenye duka alisema bei ya siku ile ilikuwa hii, mama akasema ilikuwa ile, na mahali pekee ilipokuwa imeandikwa ni kwenye mkeka wangu uliotoweka.

"Karani," mama yule akaniambia, "mimi nilikutajia, ukaandika nikikuona. Sasa niseme nini mbele ya mzee yule?"

Sikuwa na jibu. Nililipa nusu kutoka mfukoni mwangu, kwa awamu tano, na nusu akailipa mwenyewe ingawa mpaka leo anasema haikuwa yake. Mimi namwamini. Bado naandika hesabu zake, lakini yeye sasa hanitajii kitu kabla hajanitazama nikichovya kalamu kwenye daftari kwanza, na laptopu iwe imefungwa.